Upepo wa Kwikwi

Uliipata Mgandini, Mhina, ndani ya robota la mapazia,
muuzaji akidhani ni mwavuli uliovunjika mbavu.
Elfu nane. Ukarudi Pongwe unacheka peke yako.
Kitambaa cha kutosha kuezekea banda, nyuzi nne, mishikio miwili,
na kwenye lebo, mchoro wa mtu mdogo
aning'iniaye hewani, amepigwa mstari mwekundu.
Nilimtazama yule mtu kabla ya kutazama rangi.

Miaka kumi na tisa kiwandani
nilivuta kamba za katani kwenye mashine hadi zikatike.
Ndiyo kazi niliyolipwa: kusubiri, na kuandika namba.
Kamba haifi kimyakimya.
Inalia kwanza, kidogo, kama mlango wa jirani usiku.
Mkono wa mtu haulii. Unakwenda tu.

Basi kabla hujakunjua chochote
simama kwenye uwanja huu ulioachwa na ndege za shamba,
uupe upepo mgongo.
Mbele yako kuna nini?
Nyasi, hatua mia, kisha mistari ya mkonge mzee,
kila jani na mwiba wake mweusi kama sindano ya magunia.
Huko ndiko utakakoburutwa.
Upepo haumburuti mtu kuelekea kwao.
Rudi nyuma hatua mia nyingine. Najua ni mbali. Tembea.
Watoto wa Bi Tunu wakae nyuma yako, na nguzo za umeme
tuziache na barabara yao.

Upepo wa leo una kwikwi.
Tazama moshi wa tanuru la chokaa:
unalala, unaamka, unalala,
halafu unakatwa kichwa.
Geuka uone nyasi zinavyoinama kwa mafungu;
fungu lile litakufikia ukihesabu tano.
Mrusha tiara hutazama juu.
Anayetaka kurudi na viwiko vyake
hutazama na nyuma.

Jumamosi ulijizungushia uzi kiganjani mara mbili
ili usikuponyoke.
Kwikwi moja tu
na visigino vyako vikachora reli kwenye vumbi jekundu.
Kandambili moja hatujaiona mpaka leo.
Nilipiga kelele, Achia! Achia!
nawe ukazidi kushika.
Sikulaumu. Mtoto mchanga hushika kidole kabla hajajua jina;
kuachia hakuna aliyetufundisha.
Kidole changu hiki, nusu yake ilibaki kiwandani
kwa kamba niliyoing'ang'ania
ilhali ilikwisha kunishinda.

Ndiyo maana wiki nzima jikoni
ncha ya kanga kwangu, ncha kwako,
navuta bila kukwambia, nawe unaachia.
Siku ya kwanza ulinivuta nikaangukia pipa la maji.
Jana uliachia kabla sijavuta.
Hiyo nayo si dawa.

Sasa vaa vitanzi vya mikono,
vile vilivyofungwa kwenye nyuzi za breki, si za kuvuta.
Ukiachia mishikio, vitanzi vinaikamata tiara mkia,
inakosa pumzi.

Ikapanda. Ukaipeleka pembeni, kwenye ukingo,
pale upepo unapokuwa na adabu kidogo.
Fungu la nyasi likainama. Moja. Mbili.
Ukafungua mikono kama mtu aliyemwagiwa chai
na tiara ikaanguka, kitambaa tu,
shuka lililoponyoka kamba ya kuanikia.
Ukakimbia kuirundikia mchanga,
unatetemeka, unacheka.

Nikasema: nipe.

Hukuniambia, Mhina, kwamba ni tamu.
Kwamba mbingu nzima huja kukaa begani
na kukuuliza, unakwenda?
Vidole vyangu tisa na nusu vikajibu vyenyewe.
Nyasi zikainama. Nikaziona.
Ukaniambia, kwa sauti yangu mwenyewe:
Achia, shangazi. Achia.

Nikahesabu moja zaidi.